Charles Sheeler: Mchoraji wa maghala na viwanda

Mwishoni mwa mwaka 1927 kampuni ya Ford ilikuwa katika pilikapilika kubwa. Model T, gari lililoipa jina duniani, lilikuwa limefika mwisho wake, na Model A lilikuwa linaandaliwa kuingia sokoni. Kampuni ya matangazo ya N. W. Ayer ya Philadelphia ikapendekeza kwamba kiwanda chenyewe kipigwe picha, ili watu waone mahali gari hilo jipya linapozaliwa. Aliyepewa kazi hiyo alikuwa Charles Sheeler, mchoraji wa miaka 44 ambaye hapo awali alikuwa amepata sifa kwa picha za maghala ya wakulima wa Pennsylvania.

Sheeler alikaa takriban wiki sita katika kiwanda cha River Rouge, mjini Dearborn, jimbo la Michigan. Mahali penyewe palikuwa mji kamili. Palikuwa na majengo 93, njia za reli za zaidi ya kilometa 140, gati la meli, mitambo ya umeme, tanuri za kuyeyushia chuma na wafanyakazi wapatao 75,000. Madini ya chuma, makaa ya mawe na mawe ya chokaa viliingia kwa meli na mabehewa. Magari yakatoka yakiwa tayari kuendeshwa. Majengo mengi yalikuwa yamesanifiwa na Albert Kahn, msanifu ambaye Henry Ford alimtegemea kwa miaka mingi.

Picha rasmi zilizotokana na kazi hiyo zilikuwa 32 tu. Sheeler hakushughulika sana na magari yenyewe. Alitazama mabomba ya moshi, kreni, tanuri, na mikanda ya kusafirishia mizigo inayopishana angani. Picha yake iitwayo Criss-Crossed Conveyors ndiyo iliyopata sifa kuliko zote: mikanda miwili imekatana mbele, na nyuma yake yamesimama mabomba marefu ya kituo cha umeme. Ni picha ya tangazo la biashara, lakini leo imehifadhiwa katika majumba ya makumbusho kama kazi ya sanaa.

Jicho hilo halikuanzia kiwandani. Sheeler alizaliwa Philadelphia mwaka 1883. Alisoma kwanza katika shule ya sanaa za viwandani, kisha katika chuo cha sanaa cha Pennsylvania, chini ya William Merritt Chase, mwalimu aliyewafundisha wanafunzi wake kupaka rangi kwa kasi na kwa mkono mwepesi. Safari ya Italia na Paris, mwaka 1908 na 1909, ilimgeuza. Aliporudi alikuwa ameziona kazi za wachoraji Cézanne, Picasso na Braque, na akatambua kwamba picha inahitaji mifupa kabla ya ngozi.

Mifupa hiyo aliikuta shambani. Mnamo 1910 hivi, yeye na rafiki yake Morton Schamberg walipanga nyumba ya mawe iliyojengwa mwaka 1768 huko Doylestown, katika wilaya ya Bucks. Ilikuwa na kuta zilizopakwa chokaa, ngazi nyembamba za mbao na jiko la chuma. Kuzunguka wilaya hiyo kulikuwa na maghala makubwa ya mawe na mbao, ambamo wakulima walihifadhi mavuno na kufugia wanyama. Hakuna aliyeyajenga ili yasifiwe. Kila ubao na kila dirisha lilikuwa pale kwa sababu ya kazi, na hicho ndicho kilichomvuta Sheeler.

Upigaji picha aliuanza kwa ajili ya kujikimu. Alijifundisha mwenyewe, akawa anapiga picha za nyumba mpya kwa wasanifu wa Philadelphia. Lakini mwaka 1917 alielekeza kamera kwenye ubavu wa ghala jeupe na kuijaza picha nzima kwa ukuta: mbao za wima juu, lipu chini, dirisha dogo, ua kidogo, na kuku wachache. Hakuna anga wala mandhari ya mbali. Mwaka huohuo alipiga picha za ndani ya nyumba ya Doylestown, nyingine usiku, akitumia mwanga mkali wa taa moja uliozikata ngazi na milango kuwa vipande vya weusi na weupe. Maghala hayohayo aliyachora pia kwa chaki na kwa rangi za maji, na baadaye kwa rangi za mafuta. Jina Bucks County Barn linabebwa na kazi zake kadhaa, na ile ya mwaka 1932 imo katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, New York.

Schamberg alifariki mwaka 1918 katika janga la homa ya mafua lililoua mamilioni duniani. Mwaka uliofuata Sheeler alihamia New York. Huko alishirikiana na mpiga picha Paul Strand kutengeneza Manhatta, filamu fupi isiyo na sauti ya kama dakika kumi, iliyoonyeshwa mwaka 1921. Haina hadithi wala waigizaji wakuu. Kuna maghorofa, moshi, vivuko na umati wa watu wanaotazamwa kutoka juu, huku maneno ya mshairi Walt Whitman yakijitokeza kati ya sehemu moja na nyingine. Fremu mojawapo Sheeler aliigeuza kuwa mchoro wa rangi uitwao Church Street El.

Huu ndio uliokuwa utaratibu wake. Kamera ilimpa umbo, penseli ikalichuja, na rangi za mafuta zikalikamilisha. Hakuona kosa kutoa mchoro katika picha ya kamera, ingawa wakati huo wengi waliamini kwamba kamera ni adui wa brashi. Yeye alifuta alama za brashi kabisa, hata uso wa mchoro ukawa laini kama umetoka mtamboni. Wachoraji wa Marekani waliofanya kazi kwa namna hiyo wamebaki kujulikana kama wachoraji wa usahihi, na Sheeler anahesabiwa miongoni mwa vinara wao.

Kwa hiyo picha za River Rouge ziliendelea kuzaa. Mwaka 1930 alichora American Landscape, inayoonyesha mfereji, mabehewa na kiwanda cha saruji kilichotumia mabaki ya tanuri za chuma. Mwaka 1931 ikafuata Classic Landscape, ambamo maghala ya duara ya saruji yamesimama katika mwanga mweupe kama nguzo za hekalu la Kigiriki. Edsel Ford, mwana wa Henry, aliinunua. Leo imo katika Jumba la Taifa la Sanaa mjini Washington. Mwaka huohuo wa 1931 Edith Halpert, mwenye jumba la sanaa lililouza kazi zake, alimshauri aache kujitangaza kama mpiga picha. Sheeler alichora View of New York: chumba chake cha kazi, kiti kitupu, na kamera iliyofunikwa kitambaa mbele ya dirisha lililo wazi.

Kuna jambo moja linalokosekana katika michoro hii mizuri, nalo si dogo. Watu wako wapi? Katika American Landscape yuko mtu mmoja tu, mdogo mno, kwenye njia ya reli. Lakini miaka hiyo ilikuwa ya mdororo mkubwa wa uchumi, na maelfu walikuwa wamepoteza kazi. Tarehe 7 Machi 1932, waandamanaji wasio na ajira walielekea River Rouge kudai kazi na msaada. Polisi wa Dearborn na walinzi wa Ford waliwafyatulia risasi. Wanne waliuawa, na wa tano akafariki baadaye. Hayo hayamo katika michoro ya Sheeler.

Yeye aliendelea na mitambo. Jarida la Fortune lilimwagiza mfululizo wa michoro sita kuhusu nishati, uliochapishwa Desemba 1940. Ulianza na gurudumu la kale linalosukumwa na maji, ukapitia magurudumu ya garimoshi na mtambo wa mvuke, hadi bwawa kubwa la umeme. Shamba na kiwanda vikakaa katika mfululizo mmoja.

Kuanzia mwaka 1946 alielekea New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, kwenye viwanda vya nguo vilivyokuwa vimefungwa. Eneo hili pwani ya Afrika Mashariki ililijua kupitia bidhaa zake: katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem walileta Unguja shuka za pamba za viwanda vya Massachusetts, zile zilizoitwa merikani. Sheeler alichora kiwanda cha Ballardvale, na mwaka 1948 majengo ya Amoskeag huko Manchester, New Hampshire, yaliyowahi kuwa kitovu cha pamba chenye sifa duniani kote. Sasa aliweka negativu mbili au zaidi pamoja, kuta zikapenyana na vivuli vikapandana.

Mwaka 1959 alipata kiharusi kilichomkomesha kazi. Alifariki tarehe 7 Mei 1965.

Sheeler alithibitisha kwamba ghala la mkulima na tanuri la chuma vinastahili heshima ileile ambayo wachoraji wa kale waliyapa makanisa na majumba ya wafalme. Upungufu wake, wa kutowaonyesha watu, ulizibwa na mchoraji mwingine. Diego Rivera wa Meksiko, kwa malipo ya Edsel Ford huyohuyo, alijaza kuta za Taasisi ya Sanaa ya Detroit kwa michoro 27 kati ya 1932 na 1933, akawaweka mbele wafanyakazi wenyewe, wameinama, wanasukuma, wanavuta. Anayetaka kuielewa River Rouge asiridhike na mmoja wao. Amtazame Sheeler apate kuona majengo, kisha amtazame Rivera apate kuwaona waliofanya kazi ndani yake.