Metal Slug: Kaseti ya Mwaka 1996 Inayouzwa kwa Bei ya Gari

Chukua kaseti mbili za Metal Slug zilizotengenezwa kwa mashine ya nyumbani ya Neo Geo, moja ya soko la Japani na nyingine ya soko la nje, uzicheze kwa zamu kwenye mashine moja. Hutaona tofauti. Askari ni walewale, milipuko ni ileile, na hata lugha inayotokea kwenye skrini haibadiliki, kwa kuwa inategemea mashine, si kaseti. Lakini kaseti ya Kijapani ikiwa kamili huuzwa kwa maelfu ya dola, na yenye kava la Kiingereza imekuwa ikipita dola 10,000. Kinachozitenganisha ni karatasi tu: kava, lebo na kijitabu cha maelekezo.

Chanzo cha haya yote ni Osaka, kwenye kampuni ya SNK, iliyoanzishwa mwaka 1978. Mwaka 1990 kampuni hiyo ilileta mtambo wa Neo Geo kwa sura mbili. Ya kwanza, MVS, ilikuwa ya kumbi za burudani, ambako mchezaji alitumbukiza sarafu. Ya pili, AES, ilikuwa ya nyumbani, na ndani yake mlikuwa na nguvu ileile. Hapo ndipo Neo Geo ilipojijengea heshima: wenzake wote waliuza nakala zilizopunguzwa za michezo ya kumbini, yeye aliuza kitu chenyewe. Heshima hiyo ililipiwa. Nchini Marekani mashine iliuzwa kwa dola 649.99, na kaseti moja ilikaribia dola 200. Nchini Japani ilianza kama mashine ya kukodisha, kwa sababu hata SNK wenyewe hawakutarajia watu wengi wangeimudu.

Metal Slug haikubuniwa na SNK. Kampuni ya Irem iliposimamisha kazi ya kutengeneza michezo mwaka 1994, baadhi ya mafundi wake waliondoka na kuunda kampuni ndogo iitwayo Nazca. Toleo lao la majaribio lilimweka mchezaji ndani ya kifaru kidogo tangu mwanzo hadi mwisho. Baadaye wakabadili mpango, wakamshusha chini: akawa askari wa miguu, Marco au Tarma, anayekitumia kifaru akikipata na kuruka nje kikikaribia kulipuka. Mchezo ulifika kumbini Aprili 1996, na kaseti ya nyumbani ikafuata mwaka huohuo.

Ni mchezo wa vita, lakini vita vilivyochorwa kwa mkono, nukta baada ya nukta, na watu waliowatazama askari kama binadamu. Adui hukutwa amekaa akipiga soga na wenzake; akikuona hupiga mayowe na kutimua mbio. Njiani kuna mateka wenye ndevu ndefu, wamefungwa kamba. Ukimfungua mmoja, anachomoa silaha au chakula ndani ya kaptura, anakuachia, anapiga saluti kisha anakimbia. Misheni ikiisha, majina ya waliookolewa husomwa mmoja mmoja pamoja na vyeo vyao, na ukiwa umekufa njiani, wote uliowaokoa kabla ya hapo hawahesabiwi. Anayeumaliza mchezo peke yake huonyeshwa ndege ya karatasi ikipaa juu ya mabaki ya vita. Kazi yote hiyo imo ndani ya Mega 193, yaani takriban megabaiti 24, ukubwa usiotosha hata video fupi ya simu ya leo.

Kama ni mzuri hivyo, kwa nini kaseti zake ni chache? Jibu ni wakati. Kufikia mwaka 1996 PlayStation ilikuwa imeshaingia sokoni, nchini Marekani kwa dola 299. SNK yenyewe ilikuwa na Neo Geo CD tangu 1994, na diski zake zilikuwa rahisi mno kuliko kaseti. Waliobaki na AES walikuwa hasa wapenzi wa michezo ya ngumi, wakisubiri toleo jipya la The King of Fighters kila mwaka. Mchezo wa kukimbia na kupiga risasi, kutoka kwa kampuni wasiyoijua, haukuwavuta. Kaseti za Metal Slug zikatengenezwa kidogo, na zile za Kiingereza zikawa za kuhesabika. Mwaka 1997 mchezo ulihamia Sega Saturn na PlayStation, ukapata umaarufu, nao watu wakaanza kuigeukia kaseti waliyoipita dukani.

SNK ilifilisika mwaka 2001, ingawa kaseti za Neo Geo ziliendelea kutoka hadi 2004.

Bei za Metal Slug zilikuwa zimeshapanda siku nyingi kabla ya wimbi la minada ya michezo ya zamani la mwaka 2021, pale nakala ya mchezo wa Super Mario 64 ambayo haijafunguliwa iliponunuliwa kwa dola milioni 1.56 kwenye mnada wa Heritage nchini Marekani. Lakini Super Mario 64 iliuzwa kwa mamilioni ya nakala. Kilichonunuliwa pale ni nailoni ambayo haijachanwa. Metal Slug ya AES ni adimu hata ikiwa imechezwa na kukwaruzwa, na kwa hoja hiyo bei yake ina msingi imara zaidi.

Bei hiyo imezaa wahalifu. Ndani ya kaseti ya Neo Geo mna bodi mbili. Za nyumbani zimeandikwa NEO-AEG, za kumbini NEO-MVS, na chipu halisi za Metal Slug hubeba namba 201. Feki ya kivivu hujitambulisha mara moja kwa chipu zisizo na namba hiyo. Feki ya hatari hutengenezwa kwa vipuri halisi: mtu hununua kaseti ya kumbini, ambayo ni rahisi zaidi, anang'oa chipu zake, anazilehemu kwenye bodi ya nyumbani aliyoitoa katika mchezo usio na bei, kisha anachapisha kava jipya. Kwa kila kaseti ya namna hiyo, michezo miwili halali imeharibiwa, na huo ni uharibifu wa historia kabla hata haujawa wizi wa fedha. Kinachomsaliti fundi huyo ni mabaki ya solda kwenye miguu ya chipu, au aina ya bodi isiyolingana na ukubwa wa mchezo. Ndiyo maana wakusanyaji wazoefu hawatoi fedha kabla ya kuona picha za bodi zote mbili, mbele na nyuma, na muuzaji anayesita kufungua kaseti yake hubaki nayo.