Mgeni na Jembe Lake: Historia Fupi ya Semina za Mwaka wa Kwanza

Mpenzi msomaji, huenda umewahi kumsikia mwanafunzi wako wa zamani, aliyefua dafu katika karatasi ya fasihi, akilalamika kuwa muhula wake wa kwanza chuoni ulimpita kama ndoto. Ukumbi ulifurika wanafunzi, mhadhiri alisoma maandishi yake, wao wakanakili, kisha kila mtu akashika njia yake. Hakuna aliyemuuliza yeye ana maoni gani. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Je, huyu mgeni wa chuo hupewa jembe lini, na ni nani humchagulia shamba la kulima?

Vyuo vingi vya Marekani hujibu swali hilo kwa semina ya mwaka wa kwanza yenye mada maalumu. Wanafunzi wachache huketi na mwalimu mmoja kuizunguka mada moja, tuseme njaa, bahari au haki, wakasoma vitabu kadhaa, wakajadiliana na kuandika insha muhula mzima. Makala haya yanadurusu historia ya utaratibu huo kwa sababu ndani yake mna mgogoro ambao mwalimu wa fasihi ya Kiswahili anaufahamu fika: nani huteua vitabu, na kwa kigezo kipi?

Chanzo chake kimojawapo ni vita. Mnamo mwaka wa 1918 serikali ya Marekani ilivitaka vyuo viwafunze vijana waliokuwa wakiandaliwa jeshini somo kuhusu kiini cha Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Vita vilipokoma, walimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, jijini New York, walijiuliza: ikiwa vita vilistahili somo, mbona amani isistahili? Mwaka wa 1919 wakaanzisha kozi ya lazima kwa kila mwanafunzi mgeni, waliyoiita Ustaarabu wa Kisasa. Mwaka uliofuata John Erskine, mwalimu wa fasihi chuoni humo, akaanzisha kozi nyingine, hii ikiwa ya wanafunzi wateule wa madarasa ya juu, ambamo walisoma kitabu kimoja kila wiki na kukijadili wakiwa kikundi kidogo. Vitu hivi viwili, yaani mada inayowahusu wote na kikundi kidogo kinachozungumza, ndivyo vilivyokuja kuoana baadaye.

Jaribio la kusisimua zaidi, kwa maoni yangu, lilifanywa na Alexander Meiklejohn katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison, kati ya mwaka wa 1927 na 1932. (Ni katika chuo hicho ambapo Ken Walibora, mwandishi wetu, alikuja kufundisha miongo mingi baadaye.) Katika Chuo chake cha Majaribio hapakuwa na orodha ya masomo. Mwaka mzima wa kwanza ulitengewa mada moja tu: mji wa Athens katika karne ya 5 kabla ya Kristo. Siasa yake, tamthilia zake, falsafa na uchumi wake, vyote vilitazamwa kama mambo ya jamii moja iliyo hai. Mwaka wa pili wakaigeukia Marekani yao wenyewe, na kila mwanafunzi akatakiwa kuandika uchunguzi kuhusu eneo fulani, aghalabu lile alikotoka.

Hebu tua kidogo hapa, mwalimu mwenzangu. Kijana anapelekwa mbali mno, hadi Ugiriki ya kale, kisha anarejeshwa kwao na kuambiwa: sasa chunguza kijiji chako kwa jicho lilelile. Sisi tunaowatuma wanafunzi nyanjani kukusanya vitendawili na nyimbo za jando huwa tunafanya nusu ya kazi hiyo. Tunawarejesha nyumbani kabla hawajasafiri popote, ndiposa wengi hurudi na orodha ya vitendawili bila swali hata moja. Hata hivyo, jaribio hili lilikuwa na dosari zake. Liliwahusu wanaume pekee, wakazi wa mji hawakupendezwa na mwenendo huru wa vijana wale, na idadi ya waliojiandikisha ikazidi kupungua, hasa uchumi ulipodorora. Likafungwa baada ya miaka 5.

Semina kama tunavyoijua leo ilipata umbo lake katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka wa 1959. Kila mwalimu alichagua mada inayomchoma moyoni, mwanafunzi naye akachagua semina ya kuomba kujiunga nayo. Hawakupewa alama za kawaida. Mtindo huu ulienea katika vyuo vingine, japo si wote waliouiga walikuwa na shabaha moja. Katika Chuo Kikuu cha South Carolina, kwa mfano, machafuko ya wanafunzi ya Mei 1970 yalimfanya rais wa chuo, Thomas Jones, atafute njia ya kuwafanya vijana wakipende chuo chao. Mwaka wa 1972 ikazaliwa kozi iliyoitwa Chuo Kikuu 101, ambayo iliwalea wageni na kuwazoesha maisha ya chuoni. Hiyo ni kazi njema, lakini si kazi ya fasihi, nami siishughulikii zaidi.

Moto uliwaka Stanford, kule California. Tangu mwaka wa 1980 kila mwanafunzi mgeni alilazimika kusoma kozi ya Utamaduni wa Magharibi, yenye orodha ya vitabu vya lazima vya kina Plato, Dante, Darwin na Freud. Januari 1987 wanafunzi waliandamana pamoja na mwanasiasa Jesse Jackson wakiipinga. Hoja yao haikuwa kwamba Dante ni mwandishi duni. Walichohoji ni jina la kozi na mipaka yake: ukishasema mada ni Magharibi, umekwisha kumfungia mlango mwandishi Mwafrika hata kabla hujamsoma. Machi 1988 baraza la wahadhiri lilipiga kura kuibadilisha, na mahali pake pakachukuliwa na kozi iliyoitwa Tamaduni, Mawazo na Maadili. Waziri wa Elimu wa Marekani, William Bennett, alifika chuoni humo kuwashutumu wahadhiri. Kozi hiyo nayo haikudumu. Ilibadilishwa mwaka wa 1997, tena mwaka wa 2012, na tena mwaka wa 2021.

Msomaji wa Kenya atatabasamu. Miaka 20 kabla ya kura ile ya Stanford, yaani Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka katika Chuo Kikuu cha Nairobi wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe. Walitaka Afrika iwe kitovu, fasihi simulizi na Kiswahili vipewe nafasi, na fasihi za kwingineko zitazamwe kutokea hapo. Nao pia hawakuwa wakigombania kitabu hiki au kile. Waligombania swali ambalo vitabu vingeitwa kulijibu. Ningethubutu kusema kuwa Nairobi ililiona jambo hilo kwa uwazi zaidi kuliko Stanford, ambako mjadala ulizama mara nyingi katika kuhesabu majina ya waandishi.

Sasa tulete mambo haya darasani kwetu. Mtahiniwa aghalabu huchanganya mada na maudhui. Maudhui ni yale anayoyakuta kitabuni, ilhali mada ya semina ni swali analoingia nalo. Tuchukue riwaya mbili zilizowahi kutahiniwa katika KCSE: Siku Njema ya Ken Walibora (1996) na Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980). Miongozo huzishughulikia kila moja kivyake, na kila moja hupewa orodha yake: ukatili, malezi, nafasi ya mwanamke. Ziweke pamoja chini ya mada ya safari, kisha uwaulize wanafunzi 12 walioketi duara: kwa nini watu hawa waliondoka nyumbani? Kongowea anatoka Tanga kwenda bara ya Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Maimuna anatoroka nyumba ya baba anayemjua mno. Hapo utasikia ubishi. Kuna atakayesema kuwa mwanamume husafiri ili apate ukoo na mwanamke ili auponyoke; mwenzake atamkatiza na kumkumbusha anakoishia Maimuna. Kisha uwabadilishie mada, uwape jina. Kwa nini msafiri yule wa kwanza aitwe Kongowea Mswahili? Mswahili wa wapi, na kwa kipimo cha nani? Vitabu ni vilevile, lakini ukurasa waliouruka jana ndio watakaoung'ang'ania leo.