Mbeleko ya Nyonga, Si Sakafu

Chini kabisa ya kiwiliwili, baina ya mfupa wa kinena mbele na kifandugu nyuma, kuna misuli inayoziba uwazi ulioachwa na mifupa ya nyonga. Juu yake hukaa kibofu, mji wa mimba na mwisho wa utumbo mpana, na katikati yake hupita njia ya mkojo, uke na njia ya haja kubwa. Hujikaza mtu anapokohoa au kunyanyua ndoo ya maji, hulegea anapokwenda haja, na siku ya kujifungua huvutika kwa kiasi kisichosadikika kwa urahisi: hesabu za kompyuta zilizofanywa Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 2004 zilionyesha sehemu yake ya ndani ikirefuka zaidi ya mara 3 kichwa cha mtoto kinapopita. Misuli hii ibebayo, ikazwayo na kulegezwa imebandikwa kwa Kiswahili jina la "sakafu ya nyonga". Jina hilo halifai, na kuendelea kulichapa katika vipeperushi vya wajawazito ni kuwanyima akina mama maelezo ambayo lugha yao inaweza kuyatoa vizuri. Jina linalofaa ni mbeleko ya nyonga.

Kosa lilianza kwa kutafsiri neno bila kutazama picha iliyolizaa. Pelvis kwa Kilatini ni beseni, na waliotaja chini ya beseni walimaanisha upande wa ndani wa chombo, pale maji yanapotua. Wajerumani husema Beckenboden, na Boden kwao ni ardhi ya kukanyaga, lakini pia ni chini ya pipa au chungu. Waarabu husema qa' al-hawdh, yaani kina cha hodhi, kwa neno lilelile lililotupa sisi hodhi la maji. Wafaransa ndio waliokwenda kwenye mbao za nyumba na kusema plancher, lakini kliniki zao hutumia zaidi neno linalotaja msamba. Beseni halina sakafu, wala hodhi halina. Aliyeandika "sakafu" yaelekea alitazama lugha moja tu ya kigeni, akachukua maana ya kwanza ya kamusi.

Tena neno lenyewe lina historia inayolipinga. Sakafu imetoka katika saqf ya Kiarabu, ambayo maana yake ni dari au paa. Katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja maana hizo mbili zilikutana, kwa kuwa dari ya chumba cha chini ndiyo iliyokuwa mahali pa kukanyaga ghorofani: boriti za mikoko zikalazwa, juu yake mawe ya matumbawe, kisha chokaa na kokoto vikatwangwa mpaka vikashikamana vikawa kitu kimoja kigumu. Kitenzi kipo pia, kusakifu. Kwa hiyo mwenye sikio la Kiarabu akiambiwa "sakafu ya nyonga" husikia paa la nyonga, na mwenye sikio la Kiswahili husikia kitu kilichotwangwa kisisogee. Sakafu nzuri ni ile isiyotikisika. Msuli usiotikisika umekufa.

Wapo waliotambua kwamba chini ya chombo ni kitako, wakataka "kitako cha nyonga". Hoja yao ni nzuri kwenye karatasi, na haidumu dakika moja kliniki, kwani neno linafanana mno na matako na humpeleka mama kukaza makalio, kosa lilelile ambalo mtaalamu hutumia muda kulirekebisha. Wengine huanzia kwenye jina la kitaalamu la Kilatini, diaphragma pelvis, na kufika kwenye "kiwambo". Kiwambo ni kitu kilichowambwa, kama ngozi ya ngoma. Ngozi ya ngoma hukaa imevutwa wakati wote, ilhali nusu ya kazi ya misuli hii ni kuachia. Na msamba, ambao baadhi ya waandishi huuingiza hapa, ni jina la mahali pengine: ni sehemu iliyopo baina ya uke na tupu ya nyuma, ile inayochanika au kukatwa mama "anapoongezewa njia" wakati wa kujifungua. Mkunga yeyote anaujua msamba. Kuutwika maana ya pili ni kuharibu neno lililo timamu.

Mbeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Imetokana na kitenzi beleka, ambacho wengi leo hutamka eleka. Sauti b ya kale ya Kibantu ilidondoka mwanzoni mwa vitenzi vingi vya Kiswahili, ikasalia pale ilipofuata m. Ndiyo maana tunasema kuona, lakini kiini cha jicho tunakiita mboni. Mfano huu una uzito mkubwa katika mjadala huu. Kutoka kuona lugha ilipata mboni, na kutoka kueleka ikapata mbeleko. Njia iliyokwisha kukipa jina kiini cha jicho haiwezi kuitwa ngeni inapoletwa nyongani. Viungo vya mwili kwa Kiswahili vimepewa majina kwa kazi zake mara nyingi kuliko wanavyokumbuka wanaotaka kila istilahi iigwe: kidakatonge hudaka tonge. Wanaanatomia wa Kilatini nao walifanya vivyo hivyo, wakauita msuli mkuu wa hapa levator, yaani unaoinua.

Ndugu za Kiswahili zinatoa ushahidi zaidi. Kwa Kishona, kubereka ni kubeba mtoto mgongoni na pia ni kuzaa, na nguo yenyewe ni mbereko. Kwa Kichewa, kubereka ni kuzaa. Kwa Kizulu, ukubeletha hubeba maana zote mbili. Mzizi huu ulijua tangu zamani kwamba kuzaa na kubeba mtoto ni kazi moja iliyogawanyika. Mwambao nao haukusahau: katika mila za ndoa, mkaja na ubeleko ni vitu anavyopewa mama wa bibi harusi, kimoja kwa tumbo lililofungwa baada ya uzazi, kingine kwa mgongo uliombeba binti. Kamusi ya uzazi ilikuwa imeandikwa tayari. Waliotwaa neno la mafundi uashi hawakuifungua.

Pingamizi linalotolewa mara kwa mara ni kwamba mbeleko hukaa mgongoni na misuli hii iko chini. Mji wa mimba nao hauna mitaa wala soko, na hakuna aliyedai jina lake lifutwe. Umbo ndilo linaloamua. Sehemu moja ya misuli hii huanzia kwenye mfupa wa kinena, huzunguka nyuma ya njia ya haja kubwa na kurudi mbele upande wa pili, sawasawa na nguo inayopita chini ya makalio ya mtoto na ncha zake mbili kufungwa kifuani mwa mama. Tena mbeleko huja na vitenzi vyake: hufungwa, hukazwa, hulegezwa. Ikilegea, mtoto huteleza. Ikikazwa mno, hulia. Hali zote mbili zipo katika tiba. Mbeleko ya nyonga iliyolegea huleta mkojo kuvuja kwa kikohozi au kicheko, na kizazi kushuka. Iliyokakamaa huleta maumivu wakati wa tendo la ndoa na shida ya kumaliza haja. Mwenye "sakafu" aeleze ugonjwa huo wa pili kwa neno lake.

Kliniki ndiyo inayotenganisha jina na jina. Mama aliyelala chali amekunja magoti akiambiwa, "Mama, kaza sakafu ya nyonga," hubana mapaja, huinua makalio kitandani na kuzuia pumzi. Wengine husukuma chini, kinyume kabisa cha kinachotakiwa. Akiambiwa, "Mama, bana kama unayezuia upepo usitoke, vuta mbeleko juu na mbele, endelea kupumua, sasa ilegeze yote," mkono wa mtaalamu huhisi msuli ukipanda na kushuka. Miongozo ya Uingereza hutaka mikazo isiyopungua 8 kila mara, mara 3 kwa siku, kwa muda usiopungua miezi 3, na mazoezi huanza mimba ikiwapo. Kukata mkojo katikati hakufai kuwa zoezi. Ufaransa humwandikia mama, kwa kawaida, vipindi 10 vya mazoezi haya baada ya kujifungua. Mkaja anaofungwa mama baada ya uzazi hautoshi badala ya mazoezi: hushika ukuta wa tumbo tu. Kazi ya mbeleko ya nyonga hauifanyi.

Mazoezi yenyewe mitaani huitwa "kegeli", kwa jina la Arnold Kegel, daktari wa Los Angeles aliyeandika juu yake mwaka 1948 na kubuni kifaa cha kupima nguvu ya mkazo. Jina hilo nalo liachwe. Halimwambii mama chochote, linatangazwa zaidi kwa wanaotafuta nguvu za chumbani, na linafuta kazi ya Margaret Morris, Mwingereza mcheza dansi aliyesomea pia fiziotherapia, ambaye alikwisha kueleza kukaza na kulegeza misuli hii mwaka 1936. Mazoezi ya mbeleko yanatosha. Kuhusu fiziotherapia, neno hilo libaki lilivyo: "tiba ya viungo" hupeleka fikra kwenye magoti na mabega, na mama mwenye mkojo unaovuja hawezi kujua kwamba mlango huo ni wake.

Istilahi zifuatazo zitoke kwenye shina hilohilo la mbeleko: mbeleko kulegea, mbeleko kukakamaa, na mbeleko kung'oka, pale msuli unapobanduka kwenye mfupa wa kinena, jambo linalotokea zaidi mtoto anapovutwa kwa koleo. Fistula isiingizwe humo. Mkojo unaotiririka mchana na usiku baada ya uchungu wa muda mrefu hutoka kwenye tundu, hauhusiani na ulegevu wa msuli, na mazoezi hayalizibi. Mama huyo apelekwe hospitali yenye wapasuaji wa fistula.