Kelele za feni katika kompyuta ya kujiundia

Kelele za feni ni mvumo, mluzi au mkwaruzo unaotoka kwenye feni zinazopoza kompyuta ya mezani. Kompyuta iliyofungwa kiwandani huja na sauti yake, na mwenye nayo hana mengi ya kufanya. Aliyejiundia mwenyewe, akachagua kasha, prosesa, kadi ya michoro na pawa saplai kimoja kimoja, anaweza kuibadili sauti hiyo karibu yote, kwa kuwa kila kinachopiga kelele kimefungwa kwa skrubu alizozikaza kwa mkono wake.

Sehemu kubwa ya kelele hizi ni gharama ya kupitisha hewa nyingi kwa haraka mahali pembamba. Ndiyo maana anayeanza kwa kununua feni ghali iliyoandikwa kuwa ni kimya huwa ameanzia mwisho. Kwanza joto lipunguzwe, kisha njia ya hewa ipanuliwe, kisha kasi ishushwe. Feni mpya ije baada ya hayo, ikiwa bado inahitajika.

Wapo wanaoliona jambo hili kuwa ni anasa, nami sikubaliani nao. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1999 inataka kelele za chumba cha kulala zisizidi desibeli 30 ili mtu apate usingizi mzuri. Katika nyumba nyingi chumba cha kazi ndicho hichohicho cha kulala, na mtoto hulala hatua mbili kutoka kwenye mashine ya mzazi anayefanya kazi usiku. Anayerekodi sauti nyumbani naye anajua kuwa maikrofoni haichagui: hunasa maneno pamoja na mvumo.

Historia

Kompyuta za kwanza za nyumbani zilikuwa kimya. Apple II ya mwaka 1977 haikuwa na feni. Hewa moto ilipanda yenyewe na kutoka kwenye matundu ya kasha. Apple ilipoendelea na mtindo huo katika Apple III mwaka 1980, mashine zilichemka na nyingi zikarudishwa. Hata hivyo Macintosh ya mwaka 1984 nayo ilitoka bila feni, kwa kuwa Steve Jobs hakutaka mvumo mezani. IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na feni moja, ndani ya pawa saplai.

Prosesa ndizo zilizoongeza feni ya pili. Pentium ya mwaka 1993 ilihitaji hitisinki, yaani kipande cha alumini chenye mapezi, na kwa kawaida feni ilikaa juu yake. Kadi za michoro zikafuata. GeForce FX 5800 Ultra ya NVIDIA, iliyotoka mwaka 2003, ilivuma kiasi cha kufananishwa na mashine ya kufyonza vumbi, hata kampuni yenyewe ikatengeneza video ya kuitania. Kuanzia hapo ukimya ukawa bidhaa inayouzwa kwa jina lake. Noctua ya Austria, iliyoanzishwa mwaka 2005, ilijijengea heshima kwa feni za rangi ya kahawia ambazo wengi huziona mbaya kwa sura na hununua hivyohivyo.

Sauti inakotoka

Feni moja hutoa sauti za aina tatu. Ya kwanza ni ya hewa yenyewe inapokatwa na mapanga na kuvurugika, nayo husikika kama upepo. Ya pili hutoka kwenye mota na beringi: mluzi mwembamba, mkwaruzo au kugongagonga. Ya tatu ni mtikisiko unaopita kwenye skrubu na kulifanya bati la kasha livume kama ngozi ya ngoma. Dawa ya moja haitibu nyingine, kwa hiyo sikiliza kwanza ndipo utumie pesa.

Sauti ya mapanga inaweza kupigiwa hesabu. Feni ya mapanga 9 inayozunguka mara 1,200 kwa dakika huzunguka mara 20 kwa sekunde, na kwa hiyo mapanga yake hupita mbele ya nguzo za mota mara 180 kwa sekunde. Hapo husikika sauti nzito ya hezi 180. Ukiweka ya pili ya aina hiyohiyo ikazunguka mara 1,206, sauti mbili hukutana na kuachana, na mvumo hupanda na kushuka karibu mara moja kila sekunde. Watu wengi hudhani feni imeharibika. Haijaharibika, zitofautishe kasi kwa mizunguko mia moja au zaidi na kupanda na kushuka huko kutakoma.

Kanuni za feni ndizo zenye manufaa kuliko chochote atakachokisoma mnunuzi kwenye boksi. Kasi ikipungua kwa nusu, hewa inayopita hupungua kwa nusu vilevile, lakini msukumo wake hubaki robo, umeme unaotumika hubaki sehemu moja ya nane, na kelele hushuka kwa takriban desibeli 15. Sikio huhisi desibeli 10 kama nusu ya sauti. Sasa weka feni mbili za namna hiyo sambamba: mahali pasipo na kizuizi zitapitisha hewa sawa na moja iliyokuwa ikikimbia, na kwa kuwa vyanzo viwili vilivyo sawa huongeza desibeli 3 tu, bado umepata nafuu ya desibeli 12. Feni nyingi za polepole hushinda moja ya mbio.

Ukubwa nao husaidia kwa njia hiyohiyo. Feni ya milimita 120 yenye umbo sawa na ile ya milimita 80 hupitisha hewa ileile kwa kasi isiyofika theluthi moja. Upungufu wake ni msukumo: hewa ya polepole hushindwa kupenya mapezi yaliyobanana au chujio lililoziba. Ndiyo sababu zipo feni za mapanga mapana zilizoundwa kwa ajili ya hitisinki, na nyingine za kukaa wazi mbele ya kasha.

Kupunguza joto kwanza

Kila wati isiyozalishwa ni hewa isiyohitaji kusukumwa. Umeme unaotumiwa na chipu hufuata kasi yake na mraba wa volti zake. Kushusha volti kutoka 1.2 hadi 1.1 hupunguza umeme huo kwa karibu asilimia 16 bila kugusa kasi. Si kila chipu huvumilia, kwa hiyo shusha kidogo kidogo na ujaribu kwa kazi nzito ya saa nzima. Prosesa nyingi za AMD Ryzen kuanzia mwaka 2019 zina mpangilio uitwao Eco Mode, unaoishusha prosesa ya daraja la wati 105 hadi daraja la wati 65. Kwa kuandika, kuvinjari na hata kuhariri picha, tofauti ya kasi ni ndogo kuliko tofauti ya kelele.

Kadi ya michoro ndiyo jogoo wa kompyuta ya michezo. Punguza kikomo chake cha umeme, na ufunge idadi ya picha kwa sekunde ilingane na skrini. Skrini ya hezi 60 haiwezi kuonyesha picha 200. Zile 140 za ziada huzaa joto tu.

Kupanga kasi

Prosesa za leo hupanda digrii 15 au 20 kwa sekunde moja unapofungua programu, kisha hushuka. Feni iliyoamriwa kufuata kila mpando huo itapiga kelele, itanyamaza, itapiga tena. Sikio huzoea mvumo usiobadilika, lakini halizoei unaobadilika. Ingia kwenye BIOS, tafuta mahali pa kupanga feni, na ulaze mstari unaooanisha kasi na joto: kasi ya chini isiyobadilika hadi digrii 60 hivi, kisha ipande polepole. Ongeza ucheleweshaji wa sekunde kadhaa kabla feni haijaitikia. Kwa Linux kazi hiyo hufanywa na lm-sensors pamoja na fancontrol.

Woga wa joto ndio unaowanyima wengi ukimya. Ryzen za mfululizo wa 7000 zimeruhusiwa na AMD kufika digrii 95, na prosesa nyingi za Intel digrii 100, ambapo zenyewe hujipunguzia kasi. Prosesa iliyo kwenye digrii 75 wakati wa kazi nzito haiumwi.

Hata hivyo msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam asiige namba za wapimaji wa Ulaya jinsi zilivyo. Wao hupima katika chumba cha digrii 20 au 22. Chumba kikiwa na digrii 32 mchana wa Februari, vipande vya ndani navyo hupanda kwa takriban digrii hizo 10 kwa kasi ileile ya feni. Mstari wako utaanzia juu zaidi kuliko wao, na kikomo cha umeme kitakufaa wewe kuliko kinavyowafaa.

Plagi ya feni yenye pini 4 ni bora kuliko ya pini 3. Ya pini 3 hupunguziwa kasi kwa kupunguziwa volti, na chini ya kiwango fulani mota hushindwa kuanza. Katika ya pini 4, mota hubaki na volti zake 12 na pini ya nne hupeleka amri inayorudiwa mara 25,000 kwa sekunde, kiwango kilichowekwa juu ya upeo wa sikio la binadamu ili amri yenyewe isisikike.

Kasha na njia ya hewa

Kasha lenye kioo kitupu mbele hupendeza dukani na hupiga kelele nyumbani, kwa sababu feni hunyonya hewa kupitia ufa mwembamba pembeni. Wavu wazi ni bora. Chuma kilichotobolewa mbele ya feni huongeza kelele hasa upande inakoingia hewa. Milimita chache za nafasi kati ya hapo na mapanga hupunguza mvumo bila gharama. Pini za mpira badala ya skrubu hukata mtikisiko. Hata diski ngumu ya mizunguko 7,200 kwa dakika hutoa mvumo wa hezi 120 ambao mara nyingi husingiziwa feni. Ikalie mpira, au uibadilishe kwa SSD. Kupoza kwa maji hakuondoi feni: rediata nayo ina zake, na pampu huongeza sauti yake.

Sponji za kubandika ndani ya kasha naziweka mwisho. Hupunguza mluzi kidogo na kuzuia hewa kidogo, na hasara hiyo hula faida. Kusogeza kasha sakafuni upande wa pili wa meza hushinda sponji: umbali ukizidi mara mbili, mahali pa wazi kelele hushuka kwa desibeli 6, ingawa chumba cha vigae na kuta tupu hurudisha sehemu ya sauti.

Vumbi na matengenezo

Vumbi likijaa kwenye mapezi, feni hulazimika kukimbia kwa kazi ileile. Katika miji ya bara yenye vumbi jekundu, usafishaji wa miezi mitatu mitatu si mwingi. Unapotumia blowa, zuia mapanga kwa kidole au kijiti. Yakiachwa yazunguke kwa upepo huo hupita kasi ziliyoundiwa beringi, na feni hutoka safi lakini yenye mkwaruzo. Pesti ya kupitisha joto iliyokauka kati ya prosesa na hitisinki nayo ibadilishwe.

Feni za bei ndogo nyingi hukalia bushi iliyotiwa mafuta. Mafuta yakikauka zinaanza kugongagonga, hasa asubuhi. Mafundi huinua kibandiko cha katikati na kudondosha tone la mafuta ya cherehani. Feni hunyamaza kwa muda, lakini bushi iliyokwisha kulika hairudi. Zenye beringi za gololi hudumu zaidi kwenye joto, ila huvuma kidogo zaidi.

Kujua feni ipi ina kosa, funua ubavu wa kasha, kisha simamisha kitovu cha kila feni kwa kijiti cha plastiki kwa sekunde chache na usikilize. Feni ya pawa saplai usiiguse kwa namna hiyo. Kapasita za ndani yake huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa ukutani, kiasi cha kuua mtu. Ikianza kukwaruza, ibadilishe pawa saplai nzima, au mpelekee fundi wa umeme anayeijua kazi hiyo, usiifungue mwenyewe.