Ziwa Kivu: Uendelevu Haupimwi kwa Megawati Pekee

Katika vilindi vya Ziwa Kivu mmeyeyuka takriban mita za ujazo bilioni 60 za methani na bilioni 300 za kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo si ngeni Gisenyi: tangu miaka ya 1960, kiwanda cha bia cha mji huo kiliitumia kama nishati. Leo inazalisha umeme, ukiwemo wa mtambo wa KivuWatt wilayani Karongi, wenye uwezo wa megawati 26, uliozinduliwa mwaka 2016.

Je, matumizi hayo ni endelevu? Jibu hutegemea kinachopimwa.

Anayehesabu umeme pekee ataona faida tupu. Anayepima usalama ataongeza kuwa kupunguza gesi hupunguza pia hatari ya kufumka kwake. Mwaka 1986, kaboni dayoksaidi iliyotoka Ziwa Nyos, nchini Kameruni, iliua watu wapatao 1,700.

Hata hivyo, hesabu haiishii hapo. Maji ya vilindini ni mazito kwa chumvi, na uzito huo ndio unaoizuia gesi isipande juu. Mtambo huyavuta kwa bomba, huitenga gesi, kisha huyarudisha ziwani. Yakirudishwa karibu na uso, virutubisho vyake huweza kustawisha mwani kupita kiasi na kuwadhuru sambaza, samaki wanaowapatia wavuvi riziki. Yakirudishwa chini mno, huchanganyika na maji yenye gesi na kuifanya iwe vigumu zaidi kuvunwa.

Hivyo, uamuzi mmoja kuhusu kina cha bomba hugusa nishati, usalama na kitoweo kwa pamoja. Kuvipima kimoja kimoja, kila ofisi na jedwali lake, ni kuficha gharama ambayo mwingine ataibeba.

Tathmini iliyo bora huviweka vipimo hivyo mezani pamoja na kuuliza nani ananufaika, nani anahatarishwa. Huvuka pia mpaka, kwa kuwa ziwa ni la Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tena hurudiwa mara kwa mara: mlipuko wa Nyiragongo wa Mei 2021, uliofuatwa na matetemeko yaliyopasua majengo Rubavu, ulikumbusha kuwa ardhi hii haijatulia.

Methani hujizalisha polepole mno. Kosa la kipimo leo litalipwa na watoto wa wavuvi wa sasa.