NASHUKU KWAMBA, NASHUKU KAMA: ile vema niliyoitoa Katoro

Najua nimeadimika humu, nisameheni bure. Nilikuwa TP kule Katoro, na kwa anayejua maisha ya mwalimu wa mazoezi, ukishamaliza maandalio ya somo na kusahihisha madaftari themanini, cha kuandika kinabaki jina lako tu. Sasa nimerudi chuo, bumu halijatoka, jamaa wa kitanda cha juu anakoroma, na kuna jambo la kule limenikaa rohoni. Ngoja nilitoe.

Kwa wasiopajua, Katoro ni mji wa biashara kwenye barabara ya Geita kwenda Biharamulo. Zamani ilikuwa mkoa wa Mwanza, tangu 2012 ni mkoa wa Geita. Ukitembea kidogo tu upo Buseresere, wilaya ya Chato, wala hujui umevuka saa ngapi. Ni ukanda wa dhahabu, kwa hiyo habari ndo mtaji. Asubuhi unasikia eti duara la fulani limetema, mchana vijana wamehama na sururu zao, jioni wanarudi na vumbi. Hakuna anayeuliza nani aliona. Ilisemwa, basi.

Mimi nilipewa kidato cha tatu, Kiingereza. Mada yenyewe rahisi: vitenzi vya kujua na kushuku vinavyofuatwa na "that". Nikaandika ubaoni know, believe, hope na doubt, nikawaambia kila mtu atunge sentensi kuhusu nyumbani kwao. Binti mmoja, mtulivu, ana mwandiko mzuri kuliko wangu, akaandika: "I doubt that our neighbour is a witch."

Nikampa vema kubwa. Nikaenda mbali zaidi, nikamsifia mbele ya darasa kwamba huyu ni msomi, haamini maneno ya mtaani. Binti akaniangalia kama mtu aliyepewa chenji iliyozidi.

"Hapana mwalimu. Si ndo nashuku kwamba ni mchawi? Yule bibi macho yake mekundu kabisa."

Nyuma wakaitikia, kweli mwalimu, mekundu.

Wadau, wenye asili ya Usukuma mnajua hiyo sentensi ina uzito gani. Shinyanga, Mwanza, Geita, kwa miaka mingi vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu yalihesabiwa kama ushahidi, wakati mama wa watu amepika kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote, moshi umemla macho. Halafu mimi nimeweka vema. Kisarufi sikukosea hata nukta. Ila sentensi aliyoiandika na aliyoikusudia zinapingana kama mchana na usiku: kwa Kiingereza cha leo amesema hadhani kama jirani ni mchawi, kichwani kwake amesema anadhani ni mchawi.

Usiku sikulala vizuri. Niliporudi chuo nikaenda maktaba kutafuta hilo "doubt" limetoka wapi, na nilichokuta kimenifanya nimwonee huruma yule binti, maana amezaliwa miaka mia nne baada ya sentensi yake kuwa sahihi.

Iko hivi. Waingereza hawakuwa na neno hilo, walilichukua kwa Wafaransa katika zama za kati, na Wafaransa walilitoa kwenye Kilatini dubitare, ambalo lina undugu na neno la "mbili". Mtu mwenye shaka ni mtu aliyesimama kwenye njia panda. Ile b isiyotamkwa ilirudishwa baadaye na wasomi waliotaka Kilatini kionekane, ndo maana mpaka leo wanafunzi wanaikosa kwenye imla. Sasa mtu wa njia panda anaweza kuegemea upande wowote. Kiingereza cha zamani "doubt" iliweza kuwa kuogopa, na ikaweza kuwa kuhisi kwamba jambo baya ni kweli. Kwenye tamthilia za Shakespeare maana hiyo ipo kabisa, mtu "ana-doubt" kumbe ana maana anahisi. Na huko Scotland hadi leo mtu akikwambia "I doubt" mvua itanyesha, chukua mwavuli. Ni Kiingereza cha shuleni ndicho kilichoegemea upande mmoja, wa kutoamini.

Kiswahili chetu hakikuegemea. Shaka na shuku tumezipata kwa Waarabu, mzizi mmoja, na shuku imebaki njia panda. Sema "nashuku kama amekuja", umekaa upande wa hapana. Sema "nashuku kwamba ameiba", umeshamtia mtu hatiani nusu. Kenya ndo wakamwita mtu wa namna hiyo mshukiwa; sisi huku tunasema mtuhumiwa. Kwa hiyo kitenzi ni kilekile, na kinachoamua ni kale kaneno kadogo kanakofuata, kama au kwamba. Kiingereza nacho kina mchezo wake. Vitabu vyetu vya sarufi vinafundisha whether au if ukiwa na shaka ya kawaida, na that ukikanusha, yaani "I do not doubt that". Wengi siku hizi wanaweka that popote, Wamarekani hasa. Binti wa Katoro amefuata Kiswahili, kwamba kwa that, na kamusi ndogo ya shule ikamwambia doubt ni kushuku. Angekosea wapi sasa?

Nikazidi kuchimba. "That" yenyewe asili yake ni neno la kuonyesha kidole, lile, na tayari lilikuwa linaunga sentensi kwenye vitabu vya Kiingereza vya zaidi ya miaka 1000 iliyopita. Maelezo ya kawaida ya wataalamu ni kwamba zamani zilikuwa sentensi mbili: najua lile: amekuja. Wajerumani njia hiyohiyo, das na dass, wanatofautisha kwa tahajia tu. Kwamba yetu haikupita huko. Ni ku-amba, kitenzi cha kale cha kusema, ambacho kwenye tenzi za zamani kilikuwa kinatembea chenyewe. Leo kimebaki kwenye ambia na ambiwa, na kwenye ule urejeshi wa amba- tunaoutumia kila dakika. Ukisema "najua kwamba", ukikwangua rangi, chini yake kuna "najua kusema".

Majirani zetu wengi wana kitu kama hicho. Waganda wana nti, Wakikuyu atĩ, Washona kuti, na hizi zimetoka kwenye mzizi wa Kibantu wa -ti, kusema hivi. Wanyarwanda, hapo ng'ambo ya mto Kagera, wamefika mbali zaidi: wana ko kwa jambo unalolisimamia, na ngo kwa jambo ulilosikia na hutaki likuangukie. Natamani tungekuwa nayo.

Msinielewe vibaya, sisemi Mswahili hawezi kutofautisha kujua na kuambiwa. Asili ya neno siyo pingu. Ninachosema ni kwamba kwamba haikulazimishi kuonyesha habari imetokea wapi, na that nayo haikulazimishi. Mahakama ndo inalazimisha. Waingereza walituletea Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872, ikatumika Tanganyika tangu 1920 hadi tulipotunga yetu 1967, na kanuni ikabaki ileile: ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja. Kama ni jambo la kuonwa, aje aliyeliona. Kwa miaka mingi shahidi wa Geita alisema kwa Kiswahili na hakimu wa wilaya akaandika kwa Kiingereza, mpaka mabadiliko ya sheria ya 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Huwa nawaza, karani aliyekutana na "namshuku kwamba" siku ya joto, kalamu inakimbia, aliandika suspect au doubt? Neno moja hilo, na mtu yuko kizimbani.

Turudi darasani. Kesho yake sikuwa na historia hii yote kichwani, nilikuwa na hofu tu. Nikaifuta ile vema, nikaomba radhi kwamba kosa ni langu, nikaandika ubaoni saw, heard, was told, suspect. Nikawaambia wairudie sentensi ya mwenzao, ila kila mtu achague kitenzi anachoweza kukitetea akiitwa na mwenyekiti wa kijiji. Kelele zikaisha. Saw hakuna aliyechukua. Suspect walichukua wawili wakafuta. Binti akakaa muda mrefu na kalamu mdomoni, mwisho akaandika "I was told that our neighbour is a witch", akainua mkono.

"Mwalimu, lakini hii inaonekana kama naamini nilivyoambiwa. Mi nataka kuweka eti. Eti kwa Kiingereza ni nini?"

Nikamwambia nitamjibu kesho. Nilimaliza TP bila kumjibu. Nimeshajaribu allegedly, hiyo ni ya magazeti na mawakili. Supposedly inakaribia lakini haina ule mdomo wa kubetua. Mwenye jibu aniandikie, nina namba ya mwalimu wake wa darasa, nitalifikisha.