Kinanda Kilivyopanda Milima ya Taita

Neno kinanda limebeba mizigo mingi kuliko mpagazi yeyote aliyewahi kukatiza nyika ya Taru. Zamani, Mombasa na Lamu, kinanda kilikuwa chombo cha nyuzi: mbao iliyochongwa, tumbo lililowambwa ngozi, fundi mmoja na wasikilizaji waliokaa mkekani karibu naye. Walipokuja wamisionari na sanduku la kupulizwa kwa miguu, watu wa pwani wakaliita kinanda. Ikaja piano, nayo ikaitwa kinanda. Ikaja gramofoni, nayo pia ikapewa jina hilohilo. Leo mtu wa Voi akiambiwa kuna kinanda kanisani, atakachokiona ni kibodi ya umeme iliyowekwa juu ya miguu ya chuma, waya wake ukipita chini ya mkeka hadi ukutani.

Jina moja kwa vyombo vyote hivyo lina maana yake. Aliyekipa kila kimoja jina la kinanda hakujali sana kilivyoundwa. Alijali kazi yake: mtu mmoja anaketi, wachache wanamzunguka, anapiga, wanasikiliza.

Ulaya nako piano ilianzia hivyo, kwenye sebule. Chopin, aliyefariki mwaka 1849, alipiga hadharani mara 30 hivi tu maisha yake yote. Alipenda chumba chenye watu anaowajua. Aliyeuzoesha umma kumkalia kimya mpiga piano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, bila mwimbaji wala bendi ya kumsaidia, ni Franz Liszt, na onyesho lake la London mwaka 1840 ndilo lililoupa mtindo huo jina lake la Kiingereza. Baadaye kumbi zikakua, wasikilizaji wakawa maelfu. Lakini aliyewahi kukaa hatua tatu kutoka kwenye piano anajua kinachopotea ukumbi unapopanuka. Nyundo ndogo zilizovikwa sufi iliyoshindiliwa husikika zikirudi mahali pake. Kanyagio hulia kidogo. Mpigaji huvuta pumzi kabla ya kuingia kwenye sehemu ngumu, na msikilizaji hujikuta ameivuta pamoja naye.

Mwaka 1847, miaka saba tu baada ya onyesho hilo la Liszt, mmisionari Johannes Rebmann alifika Kasigau kwa miguu kutoka Rabai. Mwaka uliofuata alipita tena nchi ya Wataita akiongozwa na Bwana Kheri, na tarehe 11 Mei 1848 akauona Kilimanjaro na theluji yake. Safari hizo zinaeleza kwa nini piano ilichelewa kufika huku. Mpagazi alibeba kilo 30 hivi. Nguo zinagawanyika katika mizigo, shanga zinagawanyika, hata mashua imewahi kukatwa vipande ikabebwa. Piano ndogo ya kusimama ina zaidi ya kilo 200, na ndani yake mna fremu ya chuma cha kalibu inayovutwa na nyuzi zaidi ya 200 kwa nguvu inayopita tani 15. Haigawanyiki. Kutoka tambarare ya Voi njia inapanda hadi Wundanyi, na kilele cha Vuria kiko mita 2,208 juu ya bahari. Hakuna kiongozi wa msafara ambaye angeukubali mzigo huo.

Lakini Wataita hawakuwa wakisubiri piano ndipo wajue kusikiliza. Walikuwa na mwazindika.

Siku hizi mwazindika huonekana uwanjani kwenye sikukuu za taifa: wachezaji wamevaa sare, kipaza sauti kimewekwa mbele, wageni waheshimiwa wameketi chini ya hema. Asili yake ni nyingine. Ilikuwa ngoma ya pepo, ya kumtuliza aliyeshikwa, na ilichezwa nyumbani kwa watu, karibu sana na mgonjwa. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyekaa Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika mwaka 1957 juu ya hali ya kupagawa iliyoitwa saka, iliyowashika hasa wanawake walioolewa. Kuona, kusikia au kunusa kitu fulani kulitosha kuianzisha: sigara, ndizi, kitu kigeni kilicholetwa na mume kutoka mjini. Dawa yake mojawapo ilikuwa ngoma ya hadhara, na ndani ya ngoma hiyo mwanamke alishika na kuvaa vitu ambavyo siku za kawaida vilikuwa vya wanaume.

Hapo ndipo ufundi wa mpiga ngoma ulipojulikana. Ngoma ndefu huegemezwa kati ya miguu na kupigwa kwa viganja. Mpigaji hamtazami mwenzake. Anatazama mabega ya anayecheza. Mabega yakianza kutetemeka, mkono unaongeza kasi. Yakilegea, unashuka. Hakuna karatasi ya noti inayoweza kumwambia lini abadilishe, kwa maana jibu liko katika mwili wa mtu aliye mbele yake. Wanaosema muziki wa kusikilizwa kwa makini uliletwa Taita na kanisa wanakosea. Kanisa lilileta chombo kipya na nyimbo mpya, usikivu liliukuta.

Na lilikuja polepole. J. A. Wray, mmisionari wa shirika la Kianglikana la CMS, alianza kazi kwenye kilima cha Sagalla mwaka 1883, na mara ukame ukafuata, ile njaa kuu ya 1884 na 1885 ambayo Wataita wanaikumbuka kwa jina la Mwakisenge. Baadhi ya watu wa Sagalla walimshuku mgeni huyo kuwa amezuia mvua. Ni vigumu kuwafundisha watu nyimbo huku wanazika. Hata hivyo Wray aliendelea kujifunza lugha, na mwaka 1894 kikachapishwa kitabu chake cha kuielezea. Wakatoliki wa shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wamekwisha kuanza misheni ya Bura mwaka 1892. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waanglikana wakapanda juu zaidi, Mbale na Wusi.

Chombo kilichoweza kuwafuata wamisionari wa zama hizo popote barani Afrika ni kile kinanda cha upepo. Inafaa kukitazama kwa karibu, kwani ndicho kilichozoeza masikio ya Afrika Mashariki yote sauti za vibonye vyeupe na vyeusi. Chini kuna kanyagio mbili. Mpigaji huzikanyaga kwa zamu, kulia, kushoto, kama anayetembea bila kuondoka. Viriba vinajaa hewa, hewa inapita kwenye ndimi nyembamba za shaba, kila ulimi na noti yake. Hakuna nyuzi za kulegea, hakuna nyundo, na viko vilivyotengenezwa vikunjwe kama sanduku la safari. Mguu ukichoka, wimbo nao unazimika, kwa hiyo kanisa zima linajua mpigaji amechoka au la. Na mahali pasipo na kinanda walitumia do-re-mi, maandishi ya herufi yaliyoenezwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19, ambayo mpaka leo kwaya nyingi za Kenya huyasoma vizuri kuliko mistari mitano ya noti.

Piano yenyewe ilihitaji reli. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, na mwaka 1897 ulipokaribia kwisha vyuma vilikuwa vimefika Voi. Treni za mwanzo hazikuwa na behewa la chakula, kwa hiyo abiria walishuka Voi kula chakula cha jioni katika bangalo ya wasafiri karibu na kituo, kisha wakapanda tena na safari ikaendelea gizani kuelekea Tsavo. Reli ilipofika Nairobi, kitu chochote kizito kilichoshushwa bandarini kiliweza kufika Nairobi bila kugusa bega la mtu.

Reli ilileta pia watu wenye muziki wao, na hapa Wagoa wanastahili kutajwa kuliko wanavyotajwa. Walikuwa makarani, wapishi, mafundi cherehani na watumishi wa reli. Lakini walitoka nchi ambayo kwa karne kadhaa, chini ya Wareno, shule za parokia zilifundisha watoto kusoma noti, kuimba na kupiga fidla. Bendi ya Sultani wa Zanzibar ilikuwa ya Wagoa. Nairobi nako, katika kumbi zao na kwenye makanisa ya Kikatoliki, wao ndio walioketi mbele ya piano. Historia za muziki wa Kenya huwaruka hawa kwa haraka zikikimbilia gitaa, na hilo ni pengo kubwa.

Piano iliyofika bara haikupata raha. Mbao zake zilikaushwa kwa hali ya hewa ya Ulaya. Zikiletwa nyika ya Voi, ambako miezi ya kiangazi hukausha kila kitu na mvua za vuli zikaja ghafla, ubao wa sauti hupanuka na kusinyaa mpaka upasuke. Gundi huachia. Mchwa hula mbao, nondo hula sufi ya nyundo. Viwanda vya Ulaya viligundua hilo vikaanza kutengeneza piano za nchi za joto, zenye viungo vilivyokazwa kwa skrubu badala ya kutegemea gundi peke yake. Hata hizo zilimtaka fundi wa kuzirekebisha mara kwa mara, na fundi huyo alikaa mbali. Ndiyo sababu, hata baada ya treni kuzoeleka, muziki wa Bach au Mozart katika nchi hii mara nyingi ulisikika kutoka kwenye sahani ya santuri.

Mtu anayehusishwa sana na jambo hilo alifia Voi. Denys Finch Hatton, mwindaji na rubani, aliruka kutoka uwanja mdogo wa ndege wa Voi asubuhi ya tarehe 14 Mei 1931, ndege yake ikaanguka papo hapo na kuungua. Alikufa pamoja na mtumishi wake Kamau, Mkikuyu ambaye hadithi nyingi humtaja kwa neno moja kisha zikamwacha. Finch Hatton ndiye aliyempa mwandishi Karen Blixen gramofoni, na Blixen aliisimulia katika kitabu chake cha 1937. Filamu ya mwaka 1985 iliyotokana na kitabu hicho ikaichukua gramofoni hiyo ikaipeleka porini ikipiga Mozart, na tangu hapo wageni wengi wanaokuja Tsavo huja na muziki huo tayari masikioni. Ni picha nzuri. Ila imewafanya wengi waamini kwamba sauti yote nzuri ya nchi hii ilishuka kutoka kwenye ndege, ilhali Sagalla iko palepale, ukuta wa mawe juu ya mji, na ngoma zake.

Mafunzo rasmi yalibaki Nairobi. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na mwaka 1944 Nat Kofsky akaanzisha chuo cha muziki ambacho leo ni Kenya Conservatoire of Music. Mtoto wa Taita aliyetaka piano alipaswa kusafiri. Mmoja aliyesafiri alishika gitaa. Fadhili William, aliyezaliwa Taita Taveta mwaka 1938, aliirekodi Malaika mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuufanya wimbo wa Kiswahili ujulikane dunia nzima kwa sauti ya Miriam Makeba na wengine wengi. Nani aliutunga ni ugomvi wa miaka mingi. Adam Salim na Grant Charo nao wametajwa. Lakini sikiliza ile rekodi ya zamani: gitaa chache, sauti isiyosukumwa, mwimbaji kama aliye upande wa pili wa meza. Ni muziki wa chumba kidogo. Fadhili alifariki Nairobi tarehe 11 Februari 2001, akiwa na miaka 62.

Na treni yenyewe ilikuwa na onyesho lake. Katika treni ya usiku kati ya Nairobi na Mombasa, mhudumu aliyevaa sare alipita kwenye ujia wa mabehewa ameshika mkononi vibao vichache vya chuma, akivigonga kwa kijiti: noti tatu, nne, kisha hatua kadhaa, kisha tena. Maana yake chakula kiko tayari. Abiria walifungua milango ya vyumba vyao, wakamwona kwa sekunde mbili, akapita. Wengi walisahau walichokula usiku ule lakini wanaweza kuimba zile noti. Tangu Juni 2017 abiria husafiri kwa reli ya kisasa, kwa saa tano hivi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na tangazo la Voi hutoka kwenye spika.

Kinachobaki ni kazi, na haihitaji fedha nyingi. Katika makanisa ya zamani ya Taita Taveta, popote pale kinanda cha upepo kilipowekwa stoo nyuma ya viti vilivyovunjika, kisiuzwe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kifutwe vumbi, na jina la kila aliyekipiga liandikwe kwenye daftari la parokia maadamu wapo wanaoyakumbuka. Walimu wa muziki wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta wana simu mfukoni zinazorekodi vizuri kuliko mitambo iliyoirekodi Malaika. Waende kwa wapigaji wazee wa mwazindika, wakae karibu, mbali na spika za uwanjani, na wawaombe wapige kama walivyopiga nyumbani. Wasingoje sikukuu ijayo.